Gia ya Kurudi

Chini ya dirisha la chumba ninachopanga hapa Kashai, Bukoba mjini, amehamia fundi magari. Sina ugomvi naye. Nyundo zake nimezizoea, redio yake inavumilika, na asubuhi hunisalimia vizuri kuliko majirani wengine niliowakuta hapa. Kinachonishinda ni oili ya gia. Oili ya injini inanuka moto na masizi, lakini ya gia ni kitu kingine kabisa: nzito, rangi ya asali iliyokaa sana, na harufu yake ya kiberiti na yai viza inashika kwenye nguo, ukifua haitoki. Juzi alifungua gia boksi ya pikapu ya mtu, harufu ikapanda mpaka kwangu nikiwa nachemsha chai. Nilizima jiko. Nikakaa kitandani na kikombe kitupu mkononi, mtu mzima mwenye kazi yake, nikalia kwa sababu ya oili.

Kwetu Muleba, wengi wa rika langu watakuwa wanayakumbuka yale Landrova ya zamani, yenye milango inayogonga na viti vinavyochubua mapaja. Letu Tata alilinunua likiwa tayari zee. Tata ndiye baba yangu. Kwa Kihaya ndivyo tunavyoita, na hata leo nikisema "baba" naona kama namtaja mtu mwingine. Alikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule ya msingi moja huko Kamachumu, na siku asizofundisha gari lile lilibeba kahawa, mikungu ya ndizi, maharusi na wagonjwa. Nyumba yetu ilikuwa bondeni, chini ya mteremko mkali. Mvua zikianza, udongo mwekundu wa pale unateleza kama sabuni, na hakuna gari lingine lililothubutu kushuka kwetu. Taksi za Muleba mjini zilikuwa zinageuzia juu kabisa, kwenye duka la chumvi na sabuni, hata uwaombeje.

Sasa Tata alikuwa na ugonjwa wa walimu wa Kiswahili. Hakutaka neno la kukopa likatize kinywani mwake kama lipo la kwetu. Redieta kwake ilikuwa "kipoza maji". Klachi ilimshinda, breki ikamshinda, hilo lilimuuma. Ile gia ya kurudisha gari nyuma, ambayo dereva yeyote anaiita rivasi, yeye aliiita "gia ya kurudi". Kwa hiyo mimi nilikua najua kwamba gari lina gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, za kwendea, halafu kuna moja ya kurudi. Nilidhani watu wanakwenda mjini kwa zile nne, na jioni wanarejea nyumbani kwa ile moja. Hakuna aliyenisahihisha kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba ndivyo ninavyofikiri.

Mama alikuwa na kiti chake kwenye lile gari, cha mbele kushoto. Ngozi yake ilipochanika aliishona mwenyewe kwa uzi wa magunia ya kahawa, na hakuna aliyekikalia hata akiwa hayupo. Alipoanza kuumwa alikonda polepole, kisha haraka. Siku ya kupelekwa hospitali kule Rubya alitembea mwenyewe mpaka garini, akapanda, akashusha kioo, akaniita.

"Nitarudi nimekaa hapahapa," aliniambia, akakipiga kiti kofi. "Wasije wakanishusha huu mlima kwenye machela kama gunia. Nitakuja nimekaa. Umesikia?"

Nikasema nimesikia.

Tata alipotoka kumfikisha, gari likamfia juu ya mlima. Gia zilikuwa zinasaga tu, haziingii. Majirani walilikamata kwa kamba, wakaliteremsha taratibu mpaka uani kwetu, na hapo likakaa, kuku wakatagia chini yake. Mama akawa Rubya, sisi huku. Tata alikuwa anakwenda kumwona kwa bodaboda, anarudi amejaa tope mpaka kwenye nyusi, anasema mama anawasalimu. Mimi sikupelekwa. Nilibaki na bibi, mama yake Tata, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha salamu na bei ya sokoni tu. Kazi yangu ilikuwa kumtafsiria.

Kwetu simu haikuwa inashika bondeni. Mwenye shida ya kuongea alipanda kwenye kichuguu kilichoko mwisho wa kibanja, pale migomba inapokomea na rweya kuanza, yale majani matupu ya kulishia ng'ombe. Mchana mmoja Tata alipanda kichuguuni, akaongea kidogo, kisha akabaki amesimama na simu sikioni ingawa alishanyamaza. Kisha akapiga yeye. Hiyo ya pili niliisikia kwa sababu alipaza sauti.

"Mutta, njoo. Njoo na gia boksi yoyote utakayoipata."

Baba mdogo Mutta ndiye aliyemfuata Tata kuzaliwa, fundi wa magari Bukoba mjini, mtu wa kucheka ovyo. Alifika juu ya lori la kahawa amekumbatia kitu kilichofungwa kwenye gunia kama mtu anayeleta mbuzi wa mahari. Alikuwa amelichinja Landrova jingine, mafundi ndivyo wanavyosema wakilifungua gari bovu na kugawa viungo vyake. Lakini lile lilikuwa la miaka ya baadaye kuliko letu.

"Ni ndugu, kaka, ila si mapacha," alimwambia Tata. "Tutabembelezana nalo."

Wakaanza. Kwenye Landrova la zamani gia boksi inatolewa kwa juu, kupitia ndani, kwa hiyo lazima kwanza ung'oe viti na sakafu. Kiti cha mama kikawekwa barazani. Mimi nikakikalia, mara ya kwanza maishani, nikawa nakilinda kuku wasikichafue. Kilikuwa na harufu yake, mafuta ya mgando na moshi wa kuni. Wakasimamisha miti mitatu mirefu juu ya gari, wakaifunga vichwa, wakaning'iniza mnyororo, gia boksi ya zamani ikatoka ikichuruzika ile oili. Harufu ikajaa uani. Bibi akafunga dirisha la jiko, akauliza kwa Kihaya ni nini kimeoza.

Ile mpya haikutaka kukaa. Matundu ya bolti yalikaribiana na ya kwetu bila kulingana, na ule mguu wa kuishikilia chini ulikuwa mahali pengine. Baba mdogo alitoboa, akakata, akachomelea kwa mashine aliyoazima kwa mtu wa Kamachumu, akatukana, akaomba radhi kwa bibi. Fimbo ya gia nayo ilichomoza mbele kuliko ya zamani, sakafu haikufunika tena, likabaki tundu kubwa miguuni pa kiti cha mama. Ukiinama unaiona ardhi. Tata akasema wataziba kwa gunia. Nilimshangaa, maana alikuwa mtu wa kupanga hata viatu vya wageni, na sasa hakujali chochote ila gari liondoke.

Mwishowe wakawasha, wakajaribu gia moja moja tairi zikiwa zimeinuliwa. Mimi nilikuwa kwenye kiti changu barazani, nasikia kila neno. Mambo ya gari walizungumza kwa Kiswahili, kwa sababu Kihaya hakina spana.

"Za mbele zote zinaita vizuri," Baba mdogo alisema kutoka chini. "Rivasi imekufa."

"Gia ya kurudi?"

"Rivasi, mwalimu. Gari halijasoma."

"Ile ya kwetu ilikuwa nzima. Itoe huko uweke humu."

"Nimeijaribu tangu asubuhi. Ya mzee haiingii kwa kijana, meno hayapatani. Nipe wiki, niende Mwanza nikaitafute."

Tata alikuwa anajifuta mikono kwa kitambaa ambacho kilikuwa kichafu kuliko mikono.

"Wiki sina," alisema. "Litakwenda bila gia ya kurudi."

Gari linakwenda Rubya kumchukua mama, na halina gia ya kurudi. Na hawa wawili, watu wazima kabisa, wanalijua hilo na bado wanafunga bolti! Nilimwangalia Baba mdogo nikitegemea acheke, aseme ni utani. Alikuwa amelala palepale chini ya gari, anaendelea kukaza.

Nikakimbilia jikoni. Bibi alikuwa anamenya ebitoke, ndizi zetu za kupika, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu.

"Wanasemaje?" aliniuliza kama kawaida.

Nikamtafsiria. Nilitafuta maneno ya Kihaya ya gia ya kurudi, sikuyapata, maana hayapo. Nikamwambia hivi: vya kumpeleka vyote vipo, cha kumrudisha hakuna. Tata amesema watakwenda hivyohivyo.

Bibi aliweka kisu chini. Alikuwa mtu wa zamani, wa watu ambao habari nzito hawaisemi mbele ya mtoto, wanaizungusha. Alinitazama, akanivuta, akaniegemeza kichwa begani kwake, na utomvu ukanishika kwenye nywele. Akainuka, akatoka mpaka pale Tata alipokuwa ananawa kwa sabuni ya unga.

"Mtoto ananiambia hakuna cha kumrudisha," alimwambia kwa Kihaya. "Ni kweli?"

Tata aligeuka, akaniona mlangoni. Macho yake yalikwenda kwenye kichuguu, yakarudi kwangu. Leo najua alifikiri nini: kwamba siku ile ya simu ya hospitali nilikuwa nimejificha kwenye migomba nikasikia. Wakati ule niliona tu mtu mzima anaishiwa nguvu mbele ya beseni la maji.

"Ni kweli, mama," akasema. "Wamesema hakuna. Anataka aje nyumbani tu, akae na mtoto. Nataka nimlete akiwa bado anaweza kukaa."

Bibi akashika kiuno kwa mikono miwili, akasema "Waitu," akarudia tena "waitu," kwa sauti ndogo sana. Tata akalia. Sikuwa nimewahi kumwona. Nikasema moyoni, kumbe ile gia ni kubwa kiasi hiki.

Asubuhi yake wakaja kukichukua kiti. Nilikishika. Nilisema hakiendi mpaka gia ya kurudi ipatikane, nikakikumbatia kwa mikono na miguu. Baba mdogo akajaribu kunitania, akashindwa. Tata hakugombana nami. Aliniinua pamoja na kiti, akanibeba hivyo mpaka garini, akaniweka chini polepole.

"Nitamleta," aliniambia. "Mwana wange, huyu nitamleta."

Gari likaondoka kwa gia zake za kwendea. Lilipanda mlima likinguruma, tope likiruka, na Baba mdogo nyuma amesimama kama askari. Nikaketi barazani pale kilipokuwa kiti. Bibi aliniletea ebitoke na maharage, sikula. Kunguru, bodaboda ya mbali, mtu anatwanga. Mchana ukapita wote, na mimi nilikuwa nimeshajua kwamba mama hatarudi, nimelijua kabla ya kila mtu, na kwa sababu isiyokuwa yenyewe.

Kisha nikasikia mlango unaogonga. Hakuna gari lingine lililokuwa na mlango ule. Lilikuwa juu ya mlima, linashuka taratibu, likiteleza na kushika, likiteleza na kushika, na mbele kushoto alikuwa amekaa mtu aliyejifunga kilemba cha njano. Amekaa wima. Mkono mmoja ameshika dirisha.

Nilipiga kelele mpaka koo likauma. Gari likaingia uani likasimama pua ikiwa karibu iguse mlango wa nyumba. Tata alilipeleka mpaka hapo ili mama asitembee. Mama alikuwa mdogo. Sijui niseme vipi vinginevyo. Alikuwa amepungua, kilemba kilikuwa kikubwa kuliko uso. Lakini alicheka aliponiona. Miguu yake ilikuwa myekundu mpaka magotini, maana gunia lilichomoka njiani na tope lote la mlima likaruka kupitia lile tundu.

"Ona baba yako," aliniambia. "Nimeolewa na mwalimu, ananisafirisha kwenye kapu."

Tata alimbeba mpaka ndani. Bibi akapasha maji, nikamwosha miguu mimi. Ngozi yake ilikuwa ya moto na laini sana, na tope lilitoka polepole katikati ya vidole. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata tena, nasema kweli, hata siku nilipojifungua. Nilikuwa nimepiga hesabu upya. Gari limefika, kwa hiyo gia ya kurudi si ya kurudi nyumbani. Basi itakuwa ni ya kurudi hospitali. Na hiyo haipo.

"Mama," nikamwambia, "huko huwezi kurudishwa tena. Gari halina gia ya kurudi. Utakaa hapahapa."

Mama alimwangalia Tata aliyekuwa amesimama mlangoni. Akatabasamu kidogo, akaweka kiganja juu ya kichwa changu.

"Ni kweli," alisema. "Sirudi tena huko. Nimefika."

Siku zile chache zilikuwa nzuri. Kitanda chake kilisogezwa dirishani, na kwa kuwa Landrova lilikuwa limesimama palepale lilipofikia, ndilo alilokuwa analiona kila alipofumbua macho. Aliniamuru nilifute vumbi. Alimsuta Baba mdogo kwa ile sakafu. Alikula uji, kisha akawa anaonja uji, kisha midomo tu. Mimi sikuwa na wasiwasi, maana nilikuwa najua jambo ambalo nilidhani wengine wamelisahau.

Alifariki asubuhi moja bibi akimfuta uso. Uani pakajaa. Wanawake ndani, wanaume nje kwenye majani makavu ya migomba, na wengine nyuma ya nyumba wakichimba kwenye kibanja, kati ya mibuni aliyoipanda yeye. Nilipitishwa huku na huku kama mzigo usio na mwenyewe. Wakaleta maturubai. Likaonekana gari limeziba mlango; jeneza litatokaje? Wakamwita Tata akae kwenye usukani. Wanaume wakajipanga mbele ya Landrova, mikono kwenye boneti, tope kwenye viatu vyao vya msibani, wakaanza kulisukuma kinyumenyume.

Nikaona gari linarudi.

Linarudi bila gia! Sikujua kwamba inawezekana, kwamba watu wakiwa wengi wanaweza kulirudisha kwa mikono, na sasa watalirudisha mpaka mlimani na mpaka Rubya, na mama yumo ndani ya nyumba amelala hajui. Nikapita katikati ya miguu ya watu, nikazunguka nyuma ya gari, nikaweka mikono miwili kwenye bati, nikachimbia miguu kwenye tope, nikalisukuma kuja mbele. Bibi ndiye aliyepiga yowe. Tata akavuta breki ya mkono, akashuka.

Alinikuta bado nasukuma.

"Lisirudi," nilimwambia. "Ulisema halina gia ya kurudi. Ulisema wewe. Nilimwambia na bibi."

Alisimama hapo. Nilimwona anatazama fimbo ya gia kupitia mlango uliokuwa wazi, anamtazama bibi, ananitazama mimi.

"Hicho ndicho ulichomwambia bibi?" aliniuliza. "Habari za gari?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Tata akakaa chini kwenye tope, na suti yake ya Jumapili, akaniweka mapajani, akanishika kwa nguvu mpaka nikakosa pumzi. Alikuwa ananuka oili ya gia. Ilikuwa imemwingia, siku zote zile haikutoka. Watu waligeuka kando. Alipoweza kusema, hakunieleza lolote kuhusu gia. Aliwaambia wale wanaume waliache gari lilipo, jeneza litapita dirishani. Na lilipita dirishani, lile alilokuwa anaangalia, na maturubai yakafungwa kulizunguka Landrova.

Baadaye Baba mdogo alikuja na gurudumu dogo la meno lililofaa, akalifunga, akamwita Tata ajaribu. Nilikuwa barazani. Tata akapanda, akakanyaga klachi, akaipeleka fimbo upande wake, na gari likasogea nyuma taratibu mpaka katikati ya ua. Baba mdogo akauliza kwa sauti inaendaje.

"Rivasi iko sawa," Tata akajibu.

Baba mdogo alimtazama, akajiandaa kumtania, akaacha. Alikufa Tata mwaka ambao sitaki kuuhesabu, akiwa amefundisha Kiswahili mpaka alipostaafu, na kipoza maji kilibaki kipoza maji. Ile nyingine alikuwa anaiita rivasi, kama dereva yeyote.